Elizabeth Tilley hakuwa binti wa gavana

Jamani hii hobi ya kuchimba koo za watu itanimaliza. Safari hii nimeganda kwa Elizabeth Tilley, yule binti aliyevuka na Mayflower, meli iliyowapeleka wahamiaji wa Kiingereza Marekani mwaka 1620, akiwa na miaka 13 hivi, halafu baba, mama, baba mdogo na mkewe wote wakafa kipupwe kile cha kwanza kule Plymouth, koloni lao jipya, akabaki yeye. Baadaye akaolewa na John Howland, kijana aliyedondoka baharini njiani akaponea kwenye kamba ya tanga, wakazaa watoto 10. Uzao wao si mchezo, hadi kina Bush na Roosevelt wamo humo.

Sasa utamu uko hapa. Miaka na miaka wajukuu walishikilia kwamba bibi yao alikuwa binti wa John Carver, gavana wa kwanza wa Plymouth, yaani mpaka kwenye jiwe la kumbukumbu la Howland pale Burial Hill, makaburi ya kale ya Plymouth, wakachonga hivyo. Howland alikuwa mtumishi wa Carver kwa hiyo nadhani stori ilianzia hapo, halafu we nani hataki gavana kwenye ukoo?

Kumbe gavana aliyefuata, William Bradford, alikuwa ameshaandika kila kitu, ila muswada wake ulipotea, ukaja kuonekana London mwaka 1855 kwenye maktaba ya askofu pale Fulham. Mle ndani iko wazi kabisa, Howland kamuoa Elizabeth, binti wa John Tilley. Carver akatoka kwenye ukoo hivyo, na jiwe likaja kubadilishwa.

Rejista ya kanisa la Henlow, Bedfordshire, nayo inamuonyesha Elizabeth akibatizwa Agosti 1607, mama yake Joan Hurst, mjane aliyeolewa tena na Tilley. Na kwenye wosia wake wa Desemba 1686 Elizabeth anasema ana miaka 79, piga hesabu mwenyewe, inakaa.

Huo wosia ndo nimeupenda kuliko vyote maana hapo ndo unamsikia yeye mwenyewe. John, mtoto wa kiume mkubwa, kapewa pauni 5, kitabu cha Tindale (yule mfasiri wa Biblia), shuka, foronya na blanketi. Joseph kapata mizani. Jabez kaachiwa godoro la manyoya na mto wake, ambavyo bi mkubwa anasema kabisa tayari viko mikononi mwa Jabez, yaani alishajua havirudi.