Shimo la namba nane

Mwezi wa saba nilipokuja likizo Mikindani, kwenye begi langu, katikati ya viatu vya watoto wa dada na vitenge vya mama, kulikuwa na kipande cha aluminiamu kilichoharibika. Nilikibeba kutoka Wisconsin kwa ajili ya mjomba tu. Mjomba anaunda mashua hapo ufukweni tangu sijazaliwa, na ndiye aliyenishikisha kekee kwa mara ya kwanza.

Huko Marekani najenga ndege. Nikisema hivyo ndugu hudhani nimeajiriwa kiwandani, kwa hiyo nieleze. Sheria yao inamruhusu mtu wa kawaida kuunda ndege yake kwa kujifunza au kujiburudisha, mradi zaidi ya nusu ya kazi isifanywe na kiwanda, na ikaguliwe kabla ya kuruka. Vifaa huuzwa kwa sehemu. Mimi nilianza na mkia, uko gereji, naushughulikia nikitoka zamu.

Ndege ya aina hii haichomelewi. Bati lisilofika unene wa milimita moja hufungwa kwenye mbavu kwa ribiti, yaani pini fupi zenye kichwa, ndogo za kipenyo cha milimita 2.4 na nyingine za 3.2, na ndege nzima humeza maelfu. Unaigonga ribiti kwa nyundo ya upepo huku upande wa pili umekinga chuma kizito. Shina linanenepa mpaka linalijaza shimo, na ncha yake inabonyea na kuwa kitufe, upana wake mara moja na nusu ya kipenyo, kimo chake nusu ya kipenyo. Ushikaji wote uko hapo: shimo liwe duara, na lijae.

Langu halikuwa duara. Mashimo ya bati la nje yalikuja tayari yametobolewa. Kazi yangu ilikuwa kupitisha biti humo na kutoboa ubavu ulio chini. Ubavu ulisogea kidogo kwa sababu sikuweka vibano vya kutosha. Nilitoboa, nikaona haujakaa sawa, nikausukuma mahali pake, nikatoboa tena. Shimo la pili likalivamia la kwanza. Bati la nje halikuwa na kasoro, lakini kwenye ubavu kulikuwa na namba nane.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hili ndilo taruma la ndege?"

Alipoliita taruma nilifurahi sana, maana ndivyo lilivyo. Mbavu za ndege na mataruma ya mashua kazi yake ni moja. Alikishika kile kipande, akakielekeza juani, akapitisha ukucha wa kidole gumba ndani ya ile nane. Ukucha ukanasa kiunoni, pale miduara miwili inapokutana.

"Mimi hapa ningechonga kijiti, nikakigonga, nikaziba kwa pamba na mafuta ya papa, nikatoboa pembeni."

Nikamwambia mbao inakubali kijiti, aluminiamu haikubali. Ukiweka ribiti kwenye nane, inaponenepa hukimbilia kwenye uwazi, inalala upande, inaonekana imeshika kumbe imelegea. Na zile ncha mbili za kiunoni ndipo ufa huanzia, kwa sababu mtikisiko wa injini hauchoki. Ufa wenyewe utakuwa umefichwa chini ya kichwa cha ribiti, huuoni.

Shimo likipanuka tu lakini likabaki duara, dawa ipo: unapanda saizi, kutoka 2.4 kwenda 3.2. Ipo hata ribiti yenye shina nene na kichwa kidogo, iliyotengenezwa ili ikae kwenye shimo la aina hiyo bila kuchonga upya bati la juu. Wajenzi wa kule wameibatiza "oops", ile sauti mtu anayotoa kikombe kikimponyoka. Ila lazima upime ukingo kwanza. Kutoka katikati ya shimo hadi ukingoni inatakiwa angalau mara mbili ya kipenyo. Kwa ribiti ya 2.4 ni milimita 4.8, ukipanda hadi 3.2 unahitaji 6.4. Langu lilikuwa na milimita tano, na nane yangu ilihitaji kupanuliwa zaidi ya hapo ili iwe duara.

Hapa sikuhitaji kumfafanulia mjomba. Aliokota kipande cha ubao chini, akanionyesha msumari uliopigwa karibu mno na mwisho. Ubao ulikuwa umepasuka kwa kufuata nyuzi zake.

"Mwisho haushiki," akasema. "Sasa umefanyaje?"

Kuna wanaoacha shimo baya tupu na kuweka ribiti mbili, moja kila upande, nafasi ikiruhusu. Kuna wanaoweka kiraka nyuma. Kabla ya yote mtu humuuliza aliyesanifu ndege, maana ndiye anayejua pale pana mzigo gani. Mzee mmoja wa EAA, chama cha wajenzi wa ndege kilichoanzishwa huko Wisconsin mwaka 1953, alikuja gereji kwangu kwa kujitolea. Aliangalia kwa tochi, akaniambia ubavu mpya ni rahisi kuliko usiku mmoja wa kukosa usingizi. Nami naamini hivyo. Kiraka kina mahali pake, lakini si kwenye kipande ambacho bado kiko mezani na kinabadilishika.

Mjomba alikaa kimya kidogo, kisha akauliza jambo ambalo yule mzee hakuliuliza.

"Ulilitoboa saa ngapi?"

"Saa nne usiku, mjomba. Nimetoka kazini."

"Mimi jua likizama, kekee inaingia kapuni."

Kile kipande akakibakisha, kinaning'inia bandani kwake kando ya msumeno. Ubavu mpya niliukuta umefika niliporudi. Nikausubirisha mpaka Jumamosi asubuhi, nikabana kila shimo la pili, nikatoboa taratibu. Picha nilimtumia kupitia simu ya binamu yangu. Jibu likaja kwa sauti, upepo wa kusi ukisikika nyuma yake: "Na kule mwisho, umeacha nafasi?"

Nikachukua rula nikapima tena. Milimita sita.