Presha imeshuka: efedrini au fenilefrini?

Dakika chache baada ya kuchoma ganzi ya mgongo, kabla daktari wa upasuaji hajashika kisu, mama aliyelala mezani kwa upasuaji wa kujifungua huanza kupiga miayo, na hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko mashine. Miayo hufuatwa na kichefuchefu, kisha sauti ndogo kutoka nyuma ya shuka la kijani: "Dokta, naona kama giza." Mimi si daktari, ni mtoa dawa za usingizi, lakini hapo si mahali pa kumsahihisha mtu. Mashine, ambayo mwanzoni ilisoma 118 kwa 72, sasa inasoma 74 kwa 38, na mapigo ya moyo yamefika 112 kwa dakika. Kwenye trei yangu yapo mabomba mawili ya sindano yenye maji yasiyo na rangi, efedrini katika moja na fenilefrini katika jingine. Yote mawili yanapandisha presha, lakini yanavyoipandisha ni mambo mawili tofauti kabisa.

Presha ya damu hutokana na kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kila dakika, pamoja na jinsi mishipa midogo ilivyojibana kuizuia damu hiyo isipite kirahisi. Ganzi ya mgongo haiui maumivu peke yake. Inazilaza pia neva za simpathetiki, zile ambazo usiku na mchana huiamuru mishipa ijibane kidogo. Neva hizo zikilala, mishipa hulegea, damu hubaki miguuni na tumboni, na moyo hupokea damu pungufu. Ndiyo maana moyo wa yule mama unakimbia: umegundua kwamba presha imeanguka, nao unajaribu kufidia kwa kupiga haraka. Tatizo lake liko kwenye mishipa, wala si kwenye moyo.

Hapa fenilefrini ndiyo dawa yake. Inashika vipokezi vya alfa, yaani sehemu za seli zinazopokea amri za neva na dawa, vilivyo kwenye kuta za mishipa, karibu bila kugusa kingine chochote, na mishipa inajibana. Nilimpa mikrogramu 100, na chini ya dakika mbili baadaye mashine ilisoma 116 kwa 70, mapigo 76. Moyo ulipungua mwendo bila kuguswa na dawa. Kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na kwenye upinde wa aota kuna neva zinazopima mtanuko wa kuta. Presha ikipanda hupeleka habari kwenye ubongo, nao hutuma amri kupitia neva ya vagasi kwamba moyo utulie. Mama aliacha kupiga miayo na kuuliza kama mtoto ameshatoka. Daktari alikuwa hajaanza hata kupaka dawa ya kusafisha ngozi.

Tatizo la fenilefrini ni hilo hilo la kuupunguza moyo mwendo. Ganzi ikipanda hadi juu ya kifua, hulaza na zile neva zinazouharakisha moyo, nawe unajikuta na presha ya 80 kwa 42 na mapigo 48. Ukimpa mtu huyo fenilefrini, namba ya presha inaweza kupanda huku damu inayosukumwa kwa dakika ikizidi kupungua. Hapo nachukua bomba la pili, kwa kuwa efedrini huufanya moyo upige haraka na kwa nguvu kupitia vipokezi vya beta, na wakati huohuo hubana mishipa kupitia alfa.

Hata hivyo, kazi kubwa ya efedrini hufanyika kwa kuagiza. Inaingia kwenye ncha za neva na kuitoa noradrenalini, kemikali ambayo neva hizo hutumia kupeleka amri zake, iliyohifadhiwa humo, na kilichohifadhiwa kina mwisho. Jambo hili nililijua kwa mitihani kabla sijalijua kwa macho. Nikiwa mwanafunzi, niliwahi kumpa mgonjwa miligramu 6, nikarudia, nikarudia tena hadi mara tano, nikishangaa kwamba presha haisogei ilhali mapigo yamepita 140. Mwalimu wangu, mzee asiyependa maneno mengi, aliniuliza taratibu: "Mwanangu, ghala limeshakuwa tupu, unaendelea kugonga mlango wa nini?" Akachukua dawa inayoshika vipokezi moja kwa moja, akatoa dozi moja ndogo, presha ikarudi. Zaidi ya hayo, efedrini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na ikitumika kwa wingi huongeza asidi katika damu yake. Ndiyo sababu miaka hii fenilefrini imetangulizwa katika upasuaji wa kujifungua, ingawa mahali ambapo haipatikani efedrini bado inaokoa akina mama kila siku, nami siioni kuwa dawa ya kudharauliwa.

Mgawanyo huu wa alfa na beta, ambao leo mwanafunzi hukariri kwa jioni moja, ulichelewa kukubalika. Mwaka 1906 mtafiti Henry Dale, akifanya kazi London, aliona jambo la ajabu kwa paka: wanyama waliotangulia kupewa egoti, yaani ukungu unaoota kwenye nafaka ya rai, walipopewa adrenalini, homoni ambayo mwili hutoa unaposhtuka, presha yao ilishuka badala ya kupanda. (Wakunga wanaifahamu egometrini, inatoka kwenye ukungu huohuo.) Egoti ilikuwa imeziba upande unaobana mishipa, ukabaki wazi upande unaoilegeza. Baadaye mtafiti mwingine, Raymond Ahlquist, huko Georgia nchini Marekani, alilinganisha dawa sita za jamii hii na kuona kwamba, ukizipanga kwa nguvu ya kubana mishipa, unapata mpangilio mmoja, na ukizipanga kwa nguvu ya kuuharakisha moyo, unapata mwingine. Akasema basi kuna vipokezi vya aina mbili. Makala yake ilikataliwa na jarida moja kabla ya kuchapishwa na jingine mwaka 1948. Mtafiti wa dawa James Black aliisoma, akatafuta dawa ya kuziba beta peke yake, na katika miaka ya 1960 tukapata propranololi. Mwaka 1988 akashiriki tuzo ya Nobel.

Adrenalini yenyewe ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu inashika kila kitu na tabia yake hubadilika kwa dozi. Kwa dripu ya taratibu, presha ya juu hupanda, moyo hukimbia, lakini presha ya chini hushuka, kwa kuwa vipokezi vya beta vya aina ya pili vilivyo kwenye mishipa ya misuli huitikia mapema na kuilegeza. Ukiongeza dozi, alfa hushinda na kila mshipa hujibana. Kichupa kimoja cha miligramu 1 kina matumizi yasiyofanana hata kidogo: mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali huchomwa nusu yake kwenye msuli wa paja, na ambaye moyo umesimama hupewa chote kwenye mshipa kila baada ya dakika 3 hadi 5. Wengi hudhani kwamba katika hali hiyo ya pili tunauchapa moyo uamke. Kinachosaidia zaidi ni kubana mishipa ya mwili, ili mikandamizo ya kifuani iweze kusukuma damu kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Dozi hiyohiyo, ikiingia haraka kwenye mshipa wa mtu ambaye moyo wake unapiga, inaweza kuipandisha presha kupita kiasi na kuuvuruga moyo hadi usimame.

Nje ya chumba cha upasuaji, jamaa hizi ziko hadi kwenye maduka ya dawa. Vidonge kadhaa vya mafua vina sudoefedrini, ambayo hufungua pua kwa kubana mishipa yake, lakini haiishii puani, na mwenye presha ya kupanda anapaswa kumwambia muuzaji kabla hajanunua. Anayevuta salbutamoli kwa ajili ya pumu akahisi moyo unamdunda hajapewa dawa mbovu. Ni beta za moyo zimeguswa kidogo pamoja na za mapafu. Na anayetumia propranololi atutajie mapema, maana beta zikiwa zimezibwa, adrenalini tunayompa hubakiwa na alfa peke yake.

Mimi kila asubuhi huanza na mahesabu. Efedrini ya miligramu 30 naongezea maji hadi mililita 10, ili kila mililita iwe na miligramu 3. Fenilefrini ya miligramu 10 naiweka kwenye mfuko wa mililita 100, ndipo nivute bombani, na kila mililita inakuwa na mikrogramu 100. Ukisahau hatua ya mfuko, mililita moja inabeba dozi ya wagonjwa mia. Kwa hiyo nabandika lebo kabla ya kuvuta dawa, namwonyesha mwenzangu kichupa naye akisome kwa sauti, halafu efedrini naiweka upande wa kushoto wa trei na fenilefrini upande wa kulia.