Dume walioniambia ni mgumba amenipa kinda bora wa maonyesho

Naandika haya nikiwa na furaha, na pia nikiwa na neno kwa wote wanaopenda kutoa ushauri wa haraka kwenye vikao vya wafugaji wa baji. Dume wangu wa kijani, mwenye kichwa kipana na madoa makubwa ya duara kooni, alishahukumiwa na karibu kila mtu. Mgumba huyo, muuze. Mwingine akaniambia hata kumuuza nisijisumbue, nimpe mtu amweke sebuleni awe anamwimbia. Msimu huu mwanawe amechukua utepe wa kinda bora katika daraja la wanaoanza, kwenye maonyesho ya klabu yetu. Acha niseme.

Kwa asiyemjua, baji, au bajerigari kwa jina lake lote, ni kasuku mdogo kutoka Australia. John Gould ndiye aliyewafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na tangu hapo wafugaji hawajaacha kuwachagua na kuwazalisha. Baji wa porini ana urefu wa kama sentimita 18 na manyoya yake yamelala vizuri mwilini. Wa maonyesho ukimweka kando yake unaweza kudhani ni ndege wawili tofauti. Huko Uingereza, ambako chama cha wafugaji wa baji kilianzishwa mwaka 1925, kwa miaka mingi kipimo kimekuwa milimita 216 kutoka utosini hadi ncha ya mkia. Jaji anataka kifua kipana, paji la uso lililojaa, na mgongo ulionyooka kutoka kisogoni hadi mkiani. Sehemu kubwa ya ukubwa huo ni manyoya: marefu, manene, mengi. Watu wanayasifia manyoya hayo mezani halafu wanayasahau wakirudi bandani, na shida yangu yote ilikuwa hapo.

Jike niliyempa alikuwa mzuri na mwenye afya, ngozi ya juu ya mdomo wake imekuwa kahawia iliyoiva kama inavyotakiwa jike akiwa tayari. Aliingia kwenye sanduku la kutagia bila kubembelezwa. Leo yai, kesho kapumzika, keshokutwa jingine. Yai la baji hulaliwa siku 18, lakini huna haja ya kungoja zote. Kuanzia siku ya 5 au ya 6 unaweza kulimulika na tochi ndogo gizani. Lenye uhai utaona mishipa myekundu imetawanyika kutoka sehemu moja, na siku zikisonga ganda linageuka jeupe la chokaa. Langu la kwanza likawa wazi, la pili wazi, yote yakawa wazi, yana umanjano tu ndani, hakuna mishipa. Nikamwacha jike amalize kulalia apumzike, akataga tena. Wazi vilevile.

Hapo ndipo ushauri ulipomiminika. Mmoja akasema nibadilishe jike. Nikambadilisha, na yule jike mpya akataga mayai wazi kama mwenzake. Mwingine akaja na habari za vitamini, eti dume amepungukiwa nguvu, nimtie matone kwenye maji ya kunywa. Nikanunua, na si rahisi dawa zile, chupa ndogo tu. Maji yakawa na harufu, ndege wakayakwepa, wakawa wanakunywa kidogo kuliko kawaida. Mayai hayakubadilika. Wa tatu, anayeheshimika sana kwa vikombe vyake, akatazama ndege mara moja tu, mikono mfukoni, akasema damu imechoka, kanunue dume kwa mfugaji mkubwa. Hakumshika. Hakuuliza anatulia kwenye kijiti gani. Ndiyo maana nina uchungu na maneno yale mpaka leo, kwa sababu mtu mgeni akiambiwa hivyo na mwenye vikombe anaamini, na pesa inamtoka.

Klabu yetu hukutana kila mwezi. Watu wanadhani klabu ya baji ni maonyesho ya mwaka tu, kumbe maonyesho ni siku moja. Kazi iko kwenye mikutano ya kawaida: kuagiza pete za mwaka za miguuni mwa makinda kwa pamoja, kupeana zamu ya kusaidia kubeba matundu, mtu kuleta ndege wake mezani wenzake wamchambue, na mara moja moja kutembeleana mabandani. Katika moja ya ziara hizo alikuja kwangu mama mmoja ambaye hazungumzi sana kwenye vikao. Wenzake walikuwa wanatazama ndege. Yeye akapitisha mkono kwenye kizimba cha kuzalishia, akabonyeza kijiti kwa kidole kimoja. Kijiti kikazunguka.

"Mwanangu," akaniuliza, "wewe ungeweza kusimama hapa?"

Akanieleza polepole. Dume akimpanda jike husimama juu ya mgongo wake, anamkumbatia kwa bawa moja, mkia unapita chini ya mkia. Kijiti kikicheza hata kidogo, jike anajishika asianguke badala ya kutulia, na mambo yanaharibika. Vizimba vile nilivinunua tayari vikiwa na vijiti vyake na hakuna aliyewahi kuniambia nivikague. Yule mama akaomba kipande cha mbao laini, akachonga kabari mbili nyembamba kwa kisu, akazisukuma kwenye ncha za kijiti mpaka kikakaza. Akabonyeza tena, mara hii kwa kiganja kizima. Kimya. Akaenda kizimba cha pili bila hata kuniangalia.

Kisha akasema, "Sasa niletee huyo mgumba wenu."

Akamgeuza chali kiganjani, shingo kati ya kidole cha shahada na cha kati, akampulizia chini ya mkia. Manyoya yakafunguka, na chini ya yale manyoya kulikuwa na mengine, laini, yamejazana kuzunguka njia ya haja hata njia yenyewe haionekani. Akaniambia nimshike vivyo hivyo, akachukua mkasi mdogo wenye ncha butu, akaanza kukata yale ya laini, kidogo kidogo, akipuliza kila baada ya kukata. Kukata, si kung'oa. Ukiyang'oa utamuumiza, na mapya yataanza kuota palepale unapotaka pawe wazi. Vinyoya vifupi kabisa vinavyopakana na njia yenyewe hakuvigusa. Jike naye akafanyiwa hivyo hivyo. Kazi nzima haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na hapakuwa na chupa yoyote ya kununua.

Mayai yaliyofuata niliyamulika nikiwa nimeshika pumzi. Mishipa! Nyekundu, myembamba, na katikati kitone kinachopigapiga. Nilimpigia simu mama yule usiku uleule akacheka sana.

Makinda hayatoki siku moja, yanafuatana kama mayai yalivyofuatana, kwa hiyo ndani ya sanduku moja unakuta mkubwa anayeanza kuota manyoya na mdogo asiye na hata unyoya. Pete nilizivisha bila shida, kati ya siku ya 5 na ya 10 kutegemea ukubwa wa mguu. Vidole vitatu virefu pamoja, pete ipite, kile kifupi cha nyuma ukitoe kwa kijiti cha kiberiti. Ukichelewa haiingii, ukiwahi mno inavuka. Pete hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha ndege, bila hiyo huwezi kumwingiza kwenye madaraja ya makinda. Jambo ambalo wengi hawafanyi ni kukagua ndani ya mdomo wa juu wa kinda kila siku. Chakula anacholishwa na mama hukauka pale juu kikawa kigumu, na ukikiacha mdomo wa chini unaanza kupita wa juu. Kijiti laini na uvumilivu, kinabanduka. Ndege mwenye mdomo uliopinda hivyo hana nafasi mezani hata awe na kichwa cha ajabu.

Kinda mmoja akatoka bluu. Wazazi wote wawili ni kijani, na minong'ono ikaanza: jike alishachanganyika na dume mwingine. Hapana. Rangi ya bluu, ambayo ilijitokeza Ubelgiji karibu mwaka 1880, hujificha. Kijani anaweza kuibeba asiionyeshe, na wabebaji wawili wakikutana, kila kinda ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa bluu. Nilifurahi mno, maana sasa nilijua wazazi wote wawili wanabeba nini, na hilo limeandikwa kwenye daftari langu.

Yule wa kijani ndiye aliyenitoa macho. Tangu alipotoka sandukuni, kama wiki 5 hivi, alikuwa anasimama kwa namna ya baba yake, wima lakini si mno. Nikaanza kumzoeza mapema. Nilining'iniza tundu la maonyesho kwenye mlango wa kizimba chake, mlango wazi, na kishada cha uwele ndani. Ikawa chumba chake cha kulia. Siku ya kwanza kufungiwa humo hakushtuka. Kisha kila nikipita nalinyanyua, nalitikisa kidogo, nagusa waya kwa kijiti, kwa sababu jaji hutumia kijiti kumwelekeza ndege kwenye ulingo, yaani pale anaposimama ndani ya tundu, na ndege anayerukia pembeni na kujibanza chini hawezi kuonyesha urefu wake.

Wiki kama 6 kabla ya maonyesho nilikagua mkia. Unyoya mmoja mrefu ulikuwa umekatika ncha. Nikaung'oa, nao ukaota mzima kwa wakati; ungekuwa umebaki wiki 2 tu ningeuacha. Nikampulizia maji ya uvuguvugu kila asubuhi, nikaacha siku chache za mwisho ili manyoya yakae na mafuta yake.

Halafu madoa. Hapa ndipo mikono hutetemeka. Ndege mwenye manyoya mengi huwa na madoa mengi kooni, yamepangana tabaka juu ya tabaka, mengine nusu mwezi, mengine yamegusana. Jaji anataka kuona 6: manne katikati, na mawili ya pembeni yaliyofunikwa kiasi na viraka vya mashavuni. Yaliyozidi unang'oa kwa kibanio, moja moja. Ukikosea ukang'oa lenyewe unalolitaka, linabaki pengo la manjano ambalo halifichiki mpaka unyoya mwingine uote. Nilifanya siku mbili kabla ya maonyesho, dirishani, mchana. Nilianza na yale madogo yasiyo na umbo, nikayaacha makubwa yajichague yenyewe. Kila baada ya kung'oa moja nilimrudisha kijitini, nikamtazama akiwa amesimama, kwa sababu mkononi shingo imevutwa na madoa hayakai yanapokaa kweli. Wako watu wanamaliza yote ndege akiwa kiganjani, kisha wanashangaa mstari umepinda.

Kuyajua hayo sikujifundisha nyumbani. Kabla sijaingiza ndege wangu nilijitolea kuwa msaidizi wa jaji. Unabeba matundu kutoka kwenye rafu hadi mezani, unayapanga anavyoagiza, unanyamaza. Matundu yote yanafanana, meusi nje na meupe ndani, jina la mwenye ndege halipo, namba tu. Unamsikia jaji akinong'ona: huyu mkia umeshuka, huyu doa limepungua, huyu mzuri lakini yuko katikati ya kubadili manyoya, mrudishe. Huyo wa mwisho alikuwa na kichwa bora kuliko wote na hakupata hata nafasi ya nne. Yeyote anayetaka kushinda akasimame pale kwanza, ni bure na utaona ndege zaidi asubuhi moja kuliko mwaka mzima wa kusimuliwa.

Siku yenyewe ilipita haraka. Jaji alimsogeza kijana wangu karibu na ndege wawili wa wafugaji wa muda mrefu, akagusa waya kwa kijiti, naye akanyooka juu ya ulingo utadhani ameitwa jina. Akawabadilisha nafasi, akarudi nyuma hatua, akambandika utepe. Yule mheshimiwa wa "damu imechoka" alikuja kuniuliza nimenunua dume kwa nani. Nikamwambia ni yule yule, na nikampeleka moja kwa moja kwa mama aliyechonga kabari.

Ndege aliyetoka maonyesho harudi bandani siku hiyo. Nimemtenga chumba kingine kwa muda, kwa sababu alilala kando ya ndege nisiowajua na sitaki vimelea wala kuhara kuingie kwa makinda. Baba yake nimempumzisha, manyoya ya chini yameshaota tena na yatakatwa kabla ya kumpa jike. Safari hii nampa jike wa mfugaji mwenzangu, mwenye uso mpana na anayebeba bluu. Kabari zimeshawekwa kwenye vizimba vyote, na pete za mwaka mpya nimeagiza.