Sleji ambayo kiti cha magurudumu kinaingia chenyewe: kumbukumbu ya mradi wangu

Septemba 9

Haya naanza kuandika, mana nikisubiri mpaka mwisho ntasahau nusu. Kwa wasionijua, mi napakia mizigo kwenye ndege hapa Houston, huu mwaka wa sita, na kila Desemba wafanyakazi wa kampuni yetu tunajitolea kuwapeleka watoto wagonjwa kwa Santa, yaani Baba Krismasi, ambaye kwenye hadithi anaishi Ncha ya Kaskazini. Wanakuja wenye saratani, wenye moyo, figo, selimundu, na familia zao, wanapita ukaguzi kama abiria yeyote, wanapewa tiketi, wanapanda ndege ya kweli, Boeing 737, na rubani wa kweli, vifuniko vya madirisha vinashushwa, alafu ndege inatembea tembea chini kwenye njia zake bila kuruka, rubani anatangaza tumeshavuka Kanada, jamani huku ni barafu tupu, mwisho inapaki kwenye geti jingine kabisa ambalo sisi tumekesha tunalipamba. Mlango ukifunguliwa washafika.

Hili jambo wengine wameanza kitambo. Wafanyakazi wa United wanafanya kwenye viwanja kibao, wao wanaziita Fantasy Flights. Na Uingereza kuna Dreamflight, iliyoanzishwa 1986 na wafanyakazi wawili wa British Airways, Patricia Pearce na Derek Pereira, hawa wanajaza ndege nzima watoto 192 kila mwaka wanawapeleka Orlando, Florida, na wale watoto wazazi wanabaki nyumbani, wanaenda na madaktari na manesi na watu wa kujitolea tu. Hicho kipande cha wazazi kubaki nimekifikiria sana. Mtoto ambaye miaka yote kuna mkono wa mtu mzima juu yake, anapata siku kumi hivi za kujiamulia hata chipsi atakula saa ngapi.

Sasa kilichonifanya nichukue nyundo. Mwaka jana tulikuwa na sleji, lile gari la Santa la kuteleza kwenye theluji, nzuri kwa macho, nyekundu, ina ngazi mbili za kupandia. Akaja kijana wa miaka kama 11 na kiti chake cha magurudumu, wenzake wote wanapanda wanapiga picha na Santa, yeye baba ake akamshika kwapani akamnyanyua akampandisha, na sisi tukapiga makofi. Mi nlikuwa pembeni nimeshika kamba, nkamwona uso. Aliangalia chini mpaka picha ikaisha. Yale makofi hayajanitoka.

Nna mdogo wangu, yuko Tanga, alizaliwa na tundu kwenye moyo. Kabla hajapelekwa India kufanyiwa upasuaji akiwa na miaka 9 mi ndo nlikuwa namuweka mgongoni kila mahali, ngazi za hospitali, kituo cha basi, mpaka shuleni, na alivyoanza kuwa mkubwa akawa ananifinya shingo ananiambia "kaka nishushe, nataka kupanda mwenyewe", ngazi nne anapumzika, ngazi nne anapumzika. Mi nliona anatuchelewesha. Saivi ni fundi cherehani ana miaka 27, na nilipomsimulia ya yule kijana alikaa kimya muda mrefu kwenye simu alafu akasema basi kaka tengeneza nyingine.

Kwaiyo mradi ndo huu. Sleji ambayo mtoto anaingia na kiti chake, asinyanyuliwe, asisubiri mtu. Ndani ya ndege hatuna ujanja, ile njia ya katikati ina upana wa nusu mita tu, kiti cha kawaida cha magurudumu ni sentimita 60 na kitu, lazima mtoto ahamishiwe kwenye kile kiti chembamba cha mikanda avutwe mpaka siti yake. Ila sleji naitengeneza mimi. Huko hakuna sababu.

Septemba 23

Nimepata paleti 7. Wanaookota paleti angalieni mhuri: HT maana yake mbao ilipashwa joto kuua wadudu, hiyo chukua, MB maana yake ilipuliziwa methyl bromide, ambayo ni sumu, hiyo iache hapo hapo hata kama mbao zake zinang'aa. Zangu zote HT.

Mchoro wa kwanza: sakafu ya sleji iko juu sentimita 20 ili ionekane inaelea kwenye vile vyuma vyake vya kuteleza, na nyuma kuna mteremko wa kupandia. Nikakaa na kalamu. Kanuni ya mteremko wa kiti cha magurudumu hapa Marekani ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kwenda juu unahitaji sentimita 12 za urefu. 20 mara 12 ni 240. Mita mbili na nusu kasoro za mteremko peke yake, na geti lenyewe lina viti, mti, meza ya vidakuzi na watoto wanakimbia. Haitoshei.

Nikamwonyesha dada mmoja tunayefanya nae kazi, yeye ndo anasukuma abiria wa viti vya magurudumu kutwa nzima, akaangalia mchoro sekunde mbili akauliza, kwani sakafu ya nini? Nikamwambia sleji lazima iwe na sakafu. Akasema mtoto anakuja na kiti chake, tayari ameshakaa, we mjengee kuta.

Usiku huo nimefuta kila kitu nimeanza upya. Sleji mpya ni kuta tatu, mbele na ubavuni, nyuma wazi, chini ni kapeti la geti lenyewe. Vile vyuma vya kuteleza vinakaa nje ya kuta, kwa hiyo ukiangalia kwa mbele ni sleji kamili. Nyuma nimeacha uwazi wa sentimita 86. Upande wa kulia ndani kuna benchi fupi la watu wawili, Santa na mmoja wa nyumbani kwa mtoto.

Benchi la ndugu nimeling'ang'ania mwenyewe. Mtoto akiumwa, nyumbani wote mnahamia kwake, na yule ndugu mwingine anajifunza kutosumbua. Nalijua hilo.

Oktoba 4

Kikao na manesi wawili wa watoto. Nimetoka na ukurasa mzima wa makatazo na kila moja lina sababu, nayaandika mana mtu mwingine anaweza kuyahitaji.

Mti wa Krismasi usiwe wa kweli, uwe wa plastiki, mana mti mbichi unabeba ukungu na mtoto anayepata dawa za saratani kinga yake iko chini kabisa, ukungu ambao mi na we tunauvuta bila shida yeye unaweza kumlaza. Maua nayo hapana. Maputo ya mpira hapana, watoto waliofanyiwa upasuaji mara nyingi wengine wameshapata aleji ya mpira. Vile vipunje vya kumetameta marufuku, vinaingia machoni na vinanata kwenye bandeji za mirija ya kifuani. Kila kitakachoshikwa kiwe cha kufutika na dawa. Na yeyote mwenye mafua siku hiyo, hata awe ndo Santa mwenyewe, abaki kwake.

Alafu ile ya baridi. Houston Desemba unaweza kukuta joto la tisheti, kwaiyo wenzangu wa huku chini tulikuwa tumepanga kuchukua lile bomba la hewa linalopoza ndege ikiwa imepaki, tulielekeze pale mlangoni watoto wakitoka wapigwe na ubaridi wa Ncha ya Kaskazini. Tulilipenda sana hilo wazo. Nesi akatikisa kichwa: kuna watoto wa selimundu, baridi ya ghafla inaweza kuwaanzishia maumivu. Nimejisikia vibaya mana selimundu sio ugonjwa wa kuhadithiwa kwangu, pale kwetu kuna nyumba mtaa mzima unajua usiku mtoto analia mifupa msimu wa mvua ukija. Nlitakiwa nijue. Bomba limefutwa, theluji itakuwa kwa macho tu, pamba na taa za buluu.

Oktoba 19

Plaiwudi haijaja. Wiki ya pili. Nimempigia muuzaji mara tatu.

Nikiwa nasubiri nimekumbuka habari ya Henri Landwirth, yule mwenye mahoteli wa Florida aliyenusurika kambi za Wanazi akiwa kijana. Alikuwa anatoa vyumba bure kwa watoto wagonjwa wanaokuja kutembea Disney. Kuna binti mmoja, Amy, saratani ya damu, chumba chake kilikuwepo tayari ila mipango mingine ya safari ikachukua muda, akafariki kabla hajafika. Landwirth akasema haitatokea tena, 1986 akaanzisha Give Kids The World, kijiji kizima Kissimmee kwa ajili ya familia kama ile. Nesi nae aliniambia kitu hicho hicho kwa njia yake, orodha ya watoto tunayopewa Novemba huwa sio ile ile Desemba.

Kesho naenda kununua plaiwudi dukani kwa bei yoyote.

Novemba 2

Kuta zimesimama. Rangi anapiga mzee mmoja wa Lubumbashi tunafanya nae zamu ya usiku, mtu wa mkono mtulivu sana, anachora mistari ya dhahabu bila kuweka utepe. Tumetumia rangi ya maji sio ya mafuta, na tunaipa mwezi mzima ipoe harufu. Kila nikitaka kugusa ananizuia, "ndugu, ngoja, iko bado mubichi".

Novemba 11

Majaribio. Kiti cha kawaida cha uwanja wa ndege kimeingia vizuri, kimegeuka, kimetoka. Nikafurahi mapema. Yule dada akaleta kile cha kulaza mgongo chenye miguu iliyonyooka mbele, mana watoto wengine hawawezi kukaa wima, na vidole vya miguu vikagota kwenye ukuta wa mbele huku magurudumu ya nyuma bado yako nje. Huyo mtoto picha yake ingekuwa nusu yuko ndani ya sleji nusu yuko kwenye foleni.

Nimekata. Ukuta wa mbele umesogezwa sentimita 45, mistari ya dhahabu ya mzee imekatika na hakusema neno, alichukua brashi akaunganisha upya.

Novemba 20

Mito ya benchi. Mdogo wangu alitaka kushona yeye, ametuma kitenge kutoka Tanga, cha nyota za njano kwenye buluu, kizuri mno, lakini kitambaa huwezi kukifuta na dawa kati ya mtoto na mtoto. Nikaogopa kumwambia. Nilivyomwambia akanijibu kwa vois yuko anakata nguo za watu, "si uweke lile nailoni la kwenye meza ya mama". Lile jamani! Lile gumu la kuonyesha, linalolalia vitambaa vya maua sebuleni kwa kila mtu. Nimelipata duka la Wahindi, nimelivuta juu ya kitenge nimelipigilia kwa chini. Linafutika, na nyota zinaonekana.

Desemba 1

Sleji inatakiwa ipite ukaguzi na lifti, kwaiyo nimeikata vipande 4 vinavyoungwa na bolti 24 zenye nati za masikio, unakaza kwa vidole. Hamna bisibisi hamna spana, mana vifaa ndani ya eneo la ndege vinahesabiwa kimoja kimoja. Na bolti nazo nazihesabu, mana ikidondoka moja ikafika kwenye lami ya ndege injini inaweza kuifyonza. 24 zinaingia, 24 zinatoka.

Desemba 7

Nimelala masaa mawili, naandika hivyo hivyo.

Ndege imetembea chini dakika 35, watoto wanaimba mpaka sisi tuliovaa kofia za wasaidizi wa Santa huku nje tunasikia. Walipotoka, wa kwanza walisimama mlangoni tu hawasogei, wanaangalia taa. Kuna katoto kadogo kamevaa barakoa ya vikatuni kakauliza kama hapa watu wanachoma sindano, mama ake akasema hapana, huku hakuna sindano, kakaanza kukimbia.

Wa viti vya magurudumu walikuwa saba. Wa tatu alikuwa binti wa kiti cha umeme, anakiendesha kwa kidole kimoja, kaka ake nyuma amebeba begi la mashine na jaketi za wote wawili. Baba akasogea mbele ashike kiti, binti akasema kitu sikusikia, baba akaacha. Akaingia. Akajipanga pembeni ya Santa, akaona amekaa upande, akarudi nyuma akaingia tena akanyooka. Mpiga picha akawa tayari, binti akasema bado. Akamwita kaka ake. Yule mvulana akaangalia huku na huku kama anaitwa mwingine, alafu akaweka begi chini, jaketi chini, akaja akakaa kwenye nyota za mdogo wangu.

Hakuna aliyepiga makofi. Walipiga picha, wakatoka, wakafuata foleni ya vidakuzi.

Nimemtumia mdogo wangu picha ya benchi likiwa tupu, mana za watoto haziruhusiwi kusambazwa, nikamwandikia wamekaa. Akajibu wangapi, nikamwambia wote.

Desemba 8

Tumeifungua. Bolti 24 ziko kwenye mfuko, vipande vyote stoo vimefunikwa turubai. Kiti kimoja chenye meza ya mbele kilipita kwa nafasi ya kidole tu kila upande na yule mtoto ilibidi aingie polepole sana kuliko wenzake, kwaiyo uwazi wa nyuma unatoka 86 unaenda 95. Mzee wa Lubumbashi nimeshamwambia mistari ya upande wa kushoto itakatika tena. Likizo yangu inaanza Januari 12, plaiwudi nimeshanunua.