Usiniambie utanunua, niambie jana ulinunua nini

Watu wa Tanga ni waungwana kupita kiasi kwa mtu anayetafuta wazo la biashara. Ukiwauliza, "Nikianza kuuza kitu fulani mtaninunulia?" watakujibu, "Inshallah, kwa nini tusinunue?" Hawakudanganyi, wanakusitiri tu. Huku kwetu kumwambia mtu usoni kwamba wazo lake halina maana ni kukosa adabu. Nilipoacha kazi ya keshia katika duka la vifaa vya ujenzi, nina akiba yangu kidogo na mgawo wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba, kilichovunjwa, nilizunguka na swali hilo hilo. Kila wazo nililolitaja lilibarikiwa.

Mawazo yenyewe hayakuwa mageni. Uwakala wa fedha za simu niliuondoa mapema. Kutoka mlangoni kwetu Makorora hadi kituo cha daladala vibanda vya uwakala vimepangana, na wenye vibanda wanasinzia. Mtumba nao niliuacha kwa sababu belo unalinunua limefungwa, na mimi moyo wangu si wa bahati nasibu. Lililobaki likinisumbua lilikuwa barafu.

Barafu ilionekana haina mjadala. Tanga ni mji wa samaki na joto ni la kutosha. Nilikwenda soko la samaki Deep Sea alfajiri, wakati vyombo vinashusha, nikazungumza na wachuuzi wanaofunga ndoo kwenye baiskeli na pikipiki kupeleka bara, upande wa Pongwe na Muheza. Wote walisema barafu ni shida. Nikaona nimepata. Lakini kabla sijaondoka nilimwuliza mmoja wao, kwa mazungumzo tu, jana alinunua ya shilingi ngapi.

"Jana? Jana sijanunua, dada. Mbalamwezi hii, nani kaenda?"

Hapo ndipo nilipofunguka macho. Dagaa na vibua wengi huvuliwa usiku kwa taa, samaki wakiufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa bahari yote ina mwanga, taa ya mvuvi haivuti kitu, na mabaharia wengi wanapumzika hadi giza lirudi. Kwa hiyo barafu ya wachuuzi wale inauzika kwa kufuata mwezi, na upepo wa kusi ukikaza mambo yanapungua tena. Friza langu halijui kalenda hiyo. Lingeendelea kula umeme mwezi mzima.

Nikarudi kwenye hesabu ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Friza la wati 200 likifanya kazi mfululizo, na la kugandishia barafu kwenye joto letu halipumziki sana, linakula karibu uniti 5 kwa siku, yaani kama uniti 145 kwa mwezi. Mteja mdogo wa nyumbani anauziwa uniti kwa shilingi 100 mpaka uniti 75, na zinazozidi hapo ni shilingi 350 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Friza peke yake lingenivusha, bado taa, feni na pasi. Hata ukihamishiwa kundi la matumizi ya kawaida la shilingi 292, unakuwa umeaga ile bei ya 100 kabisa. Ukichanganya na siku za mbalamwezi, barafu ilikufa pale pale mezani. Sikuisikitikia.

Nilichobaki nacho ni lile swali la jana. Nikaamua kwamba sitamwuliza mtu tena atafanya nini. Nitamwuliza alifanya nini, kwa nani, kwa shilingi ngapi, na kitu gani kilimchosha. Mtu akisimulia jana yake hana sababu ya kukustahi.

Nikaanza na wapika vitumbua wa Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Sababu ni rahisi: wanafanya kazi kila siku, mwezi uwe mkubwa au mdogo, na mimi kitumbua nakijua. Kuna bibi mmoja ambaye asubuhi foleni yake inaziba njia. Nilimsubiri amalize kuuza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vimekwisha."

Nikamwambia sikuja kununua, nimekuja kujua jana yake ilikuwaje. Alicheka, kisha akasimulia. Mchele aliuloweka mchana. Jioni alikwenda Mgandini kununua nazi, akazigonga na kuzitikisa kama ilivyo desturi, na bado moja akaikuta imeoza. Mjukuu anayemkunia alikuwa na mtihani, basi akampa mtoto wa jirani hela akae kwenye mbuzi. Mtoto akakuna hadi akagusa kifuu, tui likatoka na vijichembe vyeusi. Bibi akalichuja upya usiku huo, mgongo unamwuma.

Ndani ya simulizi ile kulikuwa na mambo mawili ambayo nisingeyapata kwa kuuliza "utaninunulia?" La kwanza, hasara ya nazi mbovu anaibeba yeye. La pili, na ndilo kubwa, tayari alikuwa anamlipa mtu kukuna nazi. Kumfundisha mtu kulipia kitu ambacho hajawahi kukilipia ni kazi ngumu inayohitaji mtaji mkubwa. Kumpa kilicho bora zaidi kwa hela ambayo tayari inamtoka mfukoni ni jambo jingine. Nilipowauliza wapika vitumbua wengine, na mama lishe wa wali wa nazi na maharage, jana zao zilifanana na ya bibi, isipokuwa wale wenye mabinti wakubwa nyumbani. Hao nikawatoa kwenye hesabu.

Basi wazo likawa kuuza nazi iliyokunwa tayari, nikahamia upande wa nazi zenyewe. Nazi zetu nyingi hutoka Pangani na vijiji vya pwani ya Muheza na Mkinga. Nilikwenda Pangani na swali lile lile, safari hii kwa wenye minazi na madalali. Huko zinauzwa kwa mia, na jambo la kulijua kabla ya bei ni nani anabeba zilizooza, zilizopasuka njiani na koroma zilizochanganywa humo. Wapo wanaokubali kufidia, wapo ambao mzigo ukishapanda gari hawakujui. Mzee mmoja aliniambia kwamba mwezi uliopita alikata mengi yakiwa madafu, kwa kuwa mnunuzi alikuja na hela mkononi, na kila dafu linaloshuka ni nazi isiyokomaa tena. Minazi mingine imezeeka, na ugonjwa wa kunyong'onyea umeua mingi mwambao huu. Nikaandika kwenye daftari kwamba bei ya nazi sitaitawala mimi, hivyo bei yangu ya kuuzia lazima iweze kupanda na kushuka nayo.

Jikoni nilipima vitu viwili. Kwanza uzito. Nazi mbili zinazolingana kwa macho hazilingani kwa nyama, kwa hiyo kuuza kwa idadi ni kumpunja mteja leo na kujipunja mwenyewe kesho. Mizani ikaingia kwenye orodha. Pili uchachu. Nilikuna nazi, nikaiweka kwenye chombo chenye kifuniko bila jokofu, nikaionja kila baada ya muda. Iliyokunwa mchana ilikuwa imeanza kuchacha kabla ya alfajiri. Iliyokunwa usiku ilifika asubuhi salama. Basi ratiba ikajipanga yenyewe: nakuna baada ya isha, napeleka usiku huo huo kwa wanaoumua unga mapema, na alfajiri kwa mama lishe.

Mashine sikuinunua kwanza. Nilimlipa binti wa dada yangu, tukakaa kwenye mbuzi mbili tukauza kidogo kidogo, taslimu, hakuna daftari la madeni. Hapo inshallah zikajipepeta kama mchele kwenye ungo. Wapo walionisifia mtaa mzima wasinunue hata mara moja, na yule bibi wa foleni, ambaye hakunisifia kabisa, akawa ananunua kila siku.

Ndipo nikaenda SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, wakanishauri juu ya mashine na kunielekeza kwa mafundi. Nilisisitiza kichwa cha kukunia kiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa sababu nazi ni chakula na tui halisamehe kutu. Mota ya nguvu farasi moja ni kama kilowati 0.75. Ikikuna saa nzima haifiki uniti moja, na nikizima haili kitu. Linganisha na lile friza.

Makaratasi nitayapita haraka, isipokuwa jambo moja ambalo wengi hulichanganya. TIN, namba ya mlipakodi, hupewa bure na TRA, mamlaka ya mapato; jina la biashara nilisajili kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara, leseni ni ya halmashauri ya jiji, na anayeshika chakula anatakiwa kupima afya. Sasa hilo moja: mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato, na watu husikia "milioni 4" wakadhani ni faida. Ni mauzo. Kwa siku ni kama shilingi 11,000 tu, na muuza nazi anaweza kuzivuka kabla jua halijachomoza. Iingize kodi kwenye hesabu ya wazo lako tangu mwanzo. Nikitaka kufunga nazi kwenye pakiti zenye nembo na kuzipeleka madukani nitakwenda TBS, shirika la viwango, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Bado sijafika huko. Ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kwa mwanamke kama mimi inapitia kwenye kikundi. Mimi baada ya miaka ya kikoba nilitaka kwanza kukosana na mtu mmoja tu, nafsi yangu.

Vifuu vinachukuliwa na mama lishe, wanawashia moto, nami nawapunguzia bei kidogo ya nazi. Sasa shughuli yangu kubwa ni Ramadhani. Futari yetu ni muhogo, magimbi na ndizi vya nazi, kwa hiyo bei hupanda mwezi wenyewe ukiandama. Na yule mzee wa Pangani nimekubaliana bei ya Shaabani kwa nusu ya mzigo, nimemlipa arubuni, na zilizooza anafidia yeye. Nusu nyingine nitanunua kwa bei ya siku, kwa sababu wapika vitumbua wengine wa asubuhi hufunga jiko mwezi huo, na bado napita nikiwauliza Ramadhani iliyopita walifanyaje.