Taa ya kijani haijasema kitu

Jinja, Alhamisi usiku

Kuunda saketi ya ethaneti, yaani njia ya data ya mteja kati ya miji miwili, kwenye mitambo ya faiba kunaonekana kazi ya dakika tano. Unachagua poti huku, poti kule, unabonyeza, taa inawaka kijani. Wengi hapo hufunga laptopu wakaagiza chai. Mimi taa hiyo siiamini. Inakuambia mwanga umefika, basi.

Tuseme saketi ni ya gigabiti moja, Kampala hadi Tororo, juu ya SDH, mfumo wa kusafirisha data kwenye faiba kwa makontena ya ukubwa maalumu. Kabla ya kugusa poti, hesabu makontena. VC-4, kontena kubwa, moja hubeba megabiti 149.76 kwa sekunde, kwa hiyo zinatakiwa saba zilizounganishwa kwa VCAT, mbinu ya kufanya makontena kadhaa yawe kama moja. Ukiweka sita unaishia 898 na mteja atalalamika kila jioni watu wakijazana mtandaoni. Aliyenunua megabiti 10 anatoshwa na VC-12 tano, makontena madogo ya megabiti 2.176 kila moja. Na kumbuka laini ya STM-16 ina VC-4 kumi na sita tu: saketi mbili za gigabiti zimekula kumi na nne. Kwenye OTN, mfumo mpya zaidi, hesabu hii haipo: kontena lake dogo, ODU0, moja tu inameza gigabiti nzima.

Linalosumbua zaidi ni njia. Ukiuachia mtambo ujichagulie, unaweza kupitisha VC-4 sita hapa Jinja, na ya saba ikazungushwa Gulu, Lira, Soroti, Mbale, ndipo ishuke Tororo. Mwanga ndani ya faiba hutumia takriban mikrosekunde 5 kwa kilomita. Mzunguko ule wa kaskazini unazidi njia fupi kwa kilomita mia tano hivi, yaani milisekunde 2.5 za kuchelewa. Kadi ya Tororo inalazimika kuzishika zile sita mpaka ya saba ifike, na hifadhi ya kadi ikiwa ndogo, kundi zima linapoteza mpangilio. Dawa ni kuchagua njia kwa mkono, zote saba zipite pamoja. LCAS, inayoongeza na kupunguza makontena ya kundi bila kulikata, nayo iwashwe pande zote mbili, ili VC-4 moja ikifa kasi ipungue tu badala ya saketi nzima kulala. Halafu linganisha ufungaji wa fremu, yaani vifurushi vya data vya ethaneti, ndani ya makontena. Mbinu ziko tofauti: GFP upande mmoja na LAPS upande wa pili, taa zitawaka na fremu hata moja haitapita.

Kwenye mwanga wenyewe, adui ni vumbi letu jekundu la murram. Safisha konekta kila unapoichomoa, hata kama ilisafishwa asubuhi. Usichomeke konekta ya kijani, yenye ncha iliyokatwa mshazari, kwenye SFP (kifaa kidogo cha kutuma na kupokea mwanga kinachochomekwa kwenye poti) inayotaka ya bluu; nyuso hazikutani na mwanga unavuja. SFP ya kilomita 80 hutoa mwanga wa nguvu ya dBm 0 hadi +5, na kipokezi chake kinavumilia hadi -3 tu. Kuilupu, yaani kuurudisha mwanga wake kwenye kipokezi chake, kwa pachikodi (waya mfupi wa faiba) ya mita mbili bila kipunguza mwanga cha desibeli 10 ni kuikaanga.

Poti ya mteja ikiwa imelazimishwa gigabiti na yako iko kwenye majadiliano ya otomatiki, yaani inangoja kupatana na mwenzake kwanza, ya kwake itawaka na yako itabaki imezima. Mtabishana kwenye simu nusu saa, kila mmoja akiona ukweli wake.

Ukubwa wa fremu ni mtego mwingine. Fremu ya kawaida ni baiti 1518. Lebo ya VLAN, inayotenganisha mitandao kwenye waya mmoja, inaifanya 1522, lebo ya pili 1526. Poti ikikomea 1518, pingi (ujumbe mfupi wa kujaribu njia) ndogo zinapita na kurasa nzito zinaganda. Pima kwa pingi ya baiti 1472, inayojaza fremu nzima pamoja na vichwa vyake, iliyokatazwa kugawanywa.

Ukipima kasi kwa RFC 2544, utaratibu wa kawaida wa vipimo vya ethaneti, usishtuke fremu za baiti 64 zikigota megabiti 762. Hakuna kilichoharibika. Nafasi kati ya fremu na utangulizi wa kila fremu ndivyo vimekula nyingine, na kwa baiti 1518 utaona 987. Pima kwenda na kurudi, kisha acha kipimo kilale hapo, umeme ukatike na jenereta ichukue zamu.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mashine. Chomoa pachikodi ya mteja Tororo, huku mwenzako akitazama poti ya Kampala. Akikuambia "bado inawaka, ssebo", habari ya kukatika haipitishwi: ruta ya Kampala itaendelea kumwaga data shimoni na njia ya akiba haitaamka. Washa upitishaji huo, lakini uupe subira ya milisekunde 100, kwa kuwa SDH ikihama njia ya akiba hutumia hadi 50, na bila subira hiyo poti ya mteja itazima na kuwaka kila faiba inapokatwa na trekta.