Plagi Tatu Nyeusi

Jumamosi, usiku. Kucha zangu zimejaa masizi na sabuni imeshindwa, kwa hiyo bora niandike sasa, kabla sijaanza kujitetea.

Gari lilianza kumisi, yaani baadhi ya silinda kukosa kuwaka, wiki tatu zilizopita. Asubuhi injini ikiwa baridi, linawaka bila taabu na kunguruma kwa ile sauti nzito ya silinda sita iliyonifanya nilinunue. Likishapata moto, nikikanyaga mafuta linakohoa, linasita, kisha linashtuka na kuondoka. Nyuma moshi mweusi, na harufu ya petroli imeingia mpaka kwenye viti.

Nikafanya linalofanywa na kila mwenye gari la zamani na haraka. Nilichomoa plagi moja (kile kijiti kinachorusha cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda), ya nyuma kabisa, nikaiona nyeusi, nikazihukumu zote. Sita zikaenda kwenye kopo, sita mpya zikaingia. Siku nne gari likaruka kama swala. Ya tano likarudi kulekule. Seti nyingine, hadithi ileile. Nikabadilisha nyaya, kifuniko cha distribyuta (inayozigawia plagi umeme) na kondensa yake, vyote vilivyokuwa vizima kabisa, na koili, inayotoa umeme mkali wa cheche, nikaanza kuitazama kwa jicho baya.

Leo asubuhi nilimpigia simu mzee aliyenifundisha kushika spana.

“Nyeusi ya namna gani? Kavu au mbichi?”

“Nyeusi tu, mzee.”

“Nyeusi tu si jibu, mwanangu. Na ni zote sita?”

Nikanyamaza. Mbele yangu palikuwa na kopo la plagi kumi na mbili zilizochanganyika, na hakuna hata moja niliyoweza kusema imetoka silinda ipi.

“Basi uzitoe tena, uzipange kama zilivyokaa kwenye injini. Usinipigie mpaka uzitazame.”

Kuzitazama nako kuna utaratibu. Ukirudi nyumbani polepole na kuliacha gari lingurume uani, plagi zitakusimulia habari za hapo uani tu. Nilitafuta barabara tupu iliyonyooka, nikapanda gia ya tatu, nikakanyaga mafuta kwa muda, kisha nikakata swichi na kubonyeza klachi kwa mkupuo mmoja. Gari likaserereka lenyewe hadi likasimama pembeni. (Ufunguo urudi hatua moja tu, jamani. Usukani ukijifunga hapo hakutakuwa na plagi ya kusoma.) Nikasubiri injini ipoe kidogo, nikazichomoa palepale na kuzipanga juu ya ubao niliouandika 1 hadi 6.

Sikuhitaji hata miwani. Namba 1, 2 na 3 zilikuwa na kahawia iliyopauka, rangi ya udongo mkavu, ndiyo rangi unayoiombea. Namba 4, 5 na 6 zilivaa masizi meusi makavu, laini kama mahameli, yanayotoka kwa kidole. Ingekuwa oili ingeng'aa na kunata. Ingekuwa petroli mbichi ningeinusa kabla ya kuiona. Masizi makavu maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa. Na masizi hupitisha umeme: badala ya kuruka mwanya, umeme huteremka kimyakimya juu ya kauri na kupotelea kwenye bodi ya injini. Ncha ya plagi ikifika nyuzi 450 hivi za Selsiasi huyachoma yenyewe, lakini yakimwagwa kwa wingi hivi, haiwezi.

Halafu hesabu niliyopaswa kuifanya siku ya kwanza. Koili ni moja, inalisha silinda zote sita. Mpangilio wa kuwaka kwenye injini hii ni 1-5-3-6-2-4, yaani silinda ya mbele (1 hadi 3), ya nyuma (4 hadi 6), mbele, nyuma. Kondensa mbovu ingewezaje kuruka kila silinda ya mbele na kuziadhibu za nyuma peke yake? Kitu pekee kinachoigawa injini hii katikati ni kabureta, zile mbili zinazochanganya petroli na hewa: ya mbele inalisha tatu, ya nyuma tatu.

Hizi ni kabureta za aina ya SU. Ukivuta choki, ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, jeti (kitundu cha petroli) inashuka, sindano iliyochongoka inaacha nafasi pana zaidi, petroli inapita kwa wingi. Nililala chini na tochi. Jeti ya mbele ilikuwa imerudi mahali pake. Ya nyuma ilining'inia milimita kadhaa chini, kwa sababu waya wa choki ulikuwa umekazwa mno. Na aliyeukaza ni mimi, mwezi uliopita, nikijisifu kwa kazi safi. Ndiyo maana asubuhi lilikuwa linawaka vizuri hivyo: nusu ya injini ilikuwa kwenye choki siku nzima.

Kabla ya kuugusa waya niliiwasha injini na kuinua pistoni ya kabureta hiyo, ile inayobeba sindano, kama milimita moja ili hewa iongezeke. Mwendo ukapanda na kubaki juu: mafuta mengi. Nikaulegeza, jeti ikarudi juu kwa mlio mdogo. Nikainua tena, injini ikapanda kidogo, ikatulia.

Juzi nilikaribia kuweka plagi za joto zaidi, zile ambazo ncha yake hutunza joto na kuchoma masizi, na hapo ningeficha kosa na kuongeza jingine. Isitoshe namba zake zina mtego: kwa chapa ya NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, kwa Champion ni kinyume. Anayebadilisha chapa kwa kufuata namba anaweza kwenda upande asioutaka.

Jioni nilimwaga lile kopo mezani. Nilipozifuta kwa kitambaa, plagi sita kati ya zile kumi na mbili hazikuwa na lolote. Zilikuwa zimepakwa tu masizi ya wenzake.

Kosa jingine nalikiri hapa kwa sauti ya chini: kila Jumapili nimekuwa nikifungua mlango wa gereji, nikivuta choki na kuliwasha dakika tano ili nilisikilize tu, kisha nalizima kabla halijapata moto. Hakuna plagi inayopenda kupendwa hivyo.

Gari sasa linavuta vizuri. Ila namba 4, chini ya masizi yake, ilikuwa na unyevu kidogo kwenye uzi, na unyevu huo unang'aa. Huenda ni gaskiti ya kifuniko cha valvu inayovujia kwenye shimo la plagi. Huenda ni ringi za pistoni zinazopitisha oili. Kesho nitaichomoa tena, peke yake. Mzee sijamwambia bado.